Kona ya Mika

Jumatatu, 12 Januari

Sasa hivi mwanangu Yusta ameitikia majina yote kumi na tano ya wanafunzi wangu. Nilikuwa nimekaa kwenye mkeka nasoma daftari la mahudhurio kwa sauti ili kesho ulimi usinikwame, yeye yuko mlangoni na kipande cha ugali wa jana, na kila nikitaja jina anainua mkono wenye makombo: "Nipo!" Anjela, nipo. Alinanuswe, nipo. Mika, nipo. Ana miaka miwili na nusu na tayari ni darasa zima. Nimemwambia laiti wenzako wangekuwa hivyo.

Hili daftari ninaloandikia si la mahudhurio. Mkuu wetu, Mwalimu Sosthenes, ametugawia mawili mawili, akasema mwalimu asiyeandika siku yake hajafanya kazi. Basi moja nitaandika masomo, hili ni langu na Yusta, atalisoma akikua. Ajue mama yake aliishia kidato cha pili lakini alifundisha chuo. Ujenzi nilifundishwa na baba yangu kule Kilolo, nikaanza kwa kubeba tofali kichwani, mwiko nikapewa baadaye sana. Kwenye kozi yetu yupo mwalimu wa nadharia anayekuja mara moja kwa wiki kutoka Mbeya. Vitendo vyote ni vyangu.

Leo mkuu kaniita ofisini. Kasema, "Matilda, wewe ni wa muhula kwa muhula, najua hupendi. Kozi ya ujenzi ikifika Pasaka na vijana kumi na tano, kila mmoja na asilimia themanini ya mahudhurio, nakuombea ajira ya kudumu. Akipungua hata mmoja, makao makuu wanaifunga kozi. Hapo mimi sina la kusema."

Wako kumi na tano kamili. Siyo kumi na sita.

Mwalimu wa kudumu anapewa ile nyumba ya nyuma ya stoo, vyumba viwili, bomba uani. Wakati wa kurudi nimepita nayo na Yusta mgongoni. Ameunyooshea kidole mlango wa bluu akasema, "Kwetu." Sikumfundisha mimi.

Jumanne, 13 Januari

Saa mbili kamili walikuwa wanne. Saa tatu, tisa. Wawili wamekuja na viatu vya kanisani. Toroli zima la udongo limeganda wakati wanapiga picha. Koo linaniuma kwa kuwafokea.

Ijumaa, 16 Januari

Ijumaa ni siku ya kubomoa. Hapa tunajengea udongo na chokaa kidogo, hatutumii saruji, ili tofali zitoke nzima na Jumatatu tuanze nazo tena. Kila mwanafunzi ana kona yake, anaandika jina kwa chaki, anapandisha kozi kumi, yaani mistari kumi ya tofali. Nikishapima na pima maji, naweka alama, kisha inaanguka.

Alinanuswe, kiongozi wa darasa, kijana wa Tukuyu mwenye mdomo mtamu, kaniuliza mbele ya wote, "Madam, tunajenga ili tubomoe. Sasa hapo tunasoma nini?"

"Mnausoma mkono wenu."

"Basi mkono wangu umeshafaulu, Madam, niruhusu nikale chipsi."

Wamecheka, na mimi nimecheka.

Lakini kona moja sikuibomoa. Ni ya Mika, kijana mpole wa Kilolo kama mimi. Ana mashoto. Mwenye mashoto akivuta mwiko, udongo kati ya tofali na tofali unalala upande wake, kama majani yaliyolazwa na upepo. Sisi wengine wote unalala upande wa pili. Baba alikuwa anasema ukuta ni mwandiko, fundi haitaji kusaini. Tena Mika akishaweka tofali huligonga kwa mpini wa mwiko mara mbili, ko-ko, ananyamaza kidogo kama anayesubiri kufunguliwa, halafu anakwenda lingine. Wenzake wanamwigiza: "Hodi, hodi!" Ila kona yake imesimama kama imeshushwa kwa kamba kutoka juu.

Nikasema hii haiguswi, iwe mfano mpaka muhula uishe.

"Madam," kaninong'oneza, "utafanya wanichukie."

Alhamisi, 22 Januari

Mvua yenyewe imeanza sasa, ile ya kukaa. Tumejibana bandani, nikajaribu kuwafundisha hesabu ya tofali kwa ukuta. Nikakosea ubaoni. Anjela akanisahihisha kwa upole. Kutoka nyuma mmoja akauliza, "Kwani Madam alisoma mpaka wapi?"

"Mpaka ukuta ukasimama," nikamjibu. Darasa likalipuka, wakanipigia makofi, nikaonekana nimeshinda. Lakini nilipofika nyumbani nilifua nguo za Yusta nikilia.

Mika alibaki kufagia. Kaniambia, "Usiwajali, Madam. Baba yangu hajui kusoma, lakini anajua mti utaangukia wapi kabla hajaugusa na shoka." Baba yake ndiye anayemsomesha. Alikata miti yake yote ya mlingoti aliyokuwa ameitunza kwa uzee wake.

Jumatatu, 26 Januari

Mvua. Nimeita majina na kuweka alama ya vema, wao wanasaini pembeni. Bati linapiga kelele, hata sauti hazisikiki vizuri. Mika kaitikia kutoka nyuma ya rundo la mchanga. Sikuinua kichwa.

Jumatano, 28 Januari

Leo nimesimama kwenye kona ya nane, MIKA kwa chaki, nikapima. Ukuta uko wima. Nikainama kama nafunga kiatu.

Majani ya udongo yamelala upande wetu, wa mkono wa kulia.

Nimeangalia kozi zote sita, moja moja. Kisha nikageuka nikaangalia migongo yao. Hakuna aliyekuwa anagonga tofali mara mbili. Sijui kimya hicho kina siku ngapi.

Nimeweka vema.

Ijumaa, 30 Januari

Nimemwita Alinanuswe peke yake, nyuma ya tangi la maji.

"Mika yuko wapi?"

"Si yupo, Madam? Labda kaenda chooni."

"Alinanuswe, nina mtoto mdogo, uongo wa chooni nausikia kila siku."

Kaangalia viatu vyake. Kasema, "Madam, usimaindi. Mika yuko Chunya. Kuna ndugu yao kampeleka kwenye duara." Duara ndivyo wachimba dhahabu wanavyoliita shimo lao. "Ni wiki mbili tu. Anatafuta zana zake mwenyewe, mwiko mzuri na pima maji ya maana, asije akamaliza chuo aende kuwa saidia fundi wa watu. Tunamwitikia kwa zamu. Kona yake tunajenga kwa zamu. Si tunamsaidia tu, Madam? Hata wewe ungemsaidia."

"Baba yake anajua?"

"Aa, mzee anajua yuko darasani."

Nilikwenda ofisini moja kwa moja, naapa nilikwenda kusema. Mkuu alikuwa kwenye simu. Alipomaliza akatabasamu, akaniwahi: "Makao makuu wanaleta mkaguzi mwezi ujao. Nimewaambia nina kozi moja tu isiyonipa wasiwasi, ya Matilda. Kumi na tano, hakuna aliyepotea." Akafungua droo, akanionyesha funguo mbili kwenye kamba. Za mlango wa bluu. Hakunipa, alinionyesha tu, akazirudisha.

"Ulikuwa unasemaje, Madam?"

"Nilitaka chaki."

Kanipa pakiti nzima.

Wiki mbili si nyingi.

Jumatatu, 2 Februari

Mvua. Kumi na tano. Wote wapo.

Jumanne, 3 Februari

Mvua. Wote wapo.

Ijumaa, 6 Februari

Tumebomoa. Wamelalamika udongo umelowa sana, tofali zinateleza. Kona ya mfano imesimama palepale ukingoni mwa banda, mvua inaipiga upande mmoja. Nimeifunika na turubai.

Mama Anania, mwenye nyumba wangu anayebaki na Yusta, anasema mvua hii siyo ya kawaida, mpunga wao bondeni umezama. Ndani kwangu maji yanaingia kwenye pembe ya kitanda. Yusta anaoshea kikombe chake humo, anafurahi.

Jumatano, 11 Februari

Mkaguzi kaja. Wanafunzi wangu, ambao kuwahi saa mbili hawawezi, kumbe kwenye hila wana akili kama waziri. Nimeingia bandani nikakuta kumi na tano kweli. Kwenye kona ya nane amesimama Fred, kijana wa bodaboda wa pale njiapanda, ndani ya ovaroli ya Mika, kashika mwiko kama mtu anayekoroga makande.

Mkaguzi akasimama mbele yake. "Wewe unaitwa nani?"

"Mika."

"Mika nani?"

Fred akaangalia juu, akaangalia chini. Alinanuswe akadakia, "Ana aibu sana huyu, mheshimiwa. Hata kwao anakula ugali bila mboga, hasemi."

"Aibu na ujenzi wapi na wapi! Jenga, kijana."

Fred akalibandika tofali kichwa chini. Mkaguzi akacheka, darasa likacheka, na mimi nikacheka mpaka nikashika ukuta. Nilipoondoa mkono nikaona nimeishika ile kona ya mfano, niliyoifunulia mkaguzi. Udongo wake umekauka, lakini kiganja changu kilikuwa baridi kama nimekitoa kwenye kisima.

Wiki mbili zimepita.

Jumanne, 17 Februari

Alinanuswe kanipa simu yake mapumziko. "Ongea naye mwenyewe, Madam."

"Shikamoo, Madam."

"Marahaba. Mika, rudi."

"Narudi, Madam. Eti wanaonijengea wanatumia timazi kweli?" Sauti yake imekuwa nene, kama ana mchanga kooni.

"Wanatumia macho ya njaa. Mika, na huko mvua inanyesha?"

"Inanyesha sana. Asubuhi tunaanza kwa kutoa maji na pampu, saa sita ndiyo tunashuka."

"Kuta za shimo zimeshikwa na nini?"

Alikuwa mwanafunzi wangu tena. "Matimba, Madam. Magogo."

"Magogo gani?"

"Mlingoti mbichi."

"Mmeyakaza na nini?"

"Mwenye duara anasema yatajikaza yenyewe kwa uzito." Akacheka kidogo. "Kuna shimo la pembeni la zamani, huwa tunapumzikia humo. Lile lina mwamba mzuri. Usiogope. Jumatatu niko darasani, Madam. Weka udongo wangu tayari."

Nimewajengea watu nyumba kumi na moja mpaka leo, na sijaona kitu kilichojikaza chenyewe.

Jumatatu, 23 Februari

Nilichanganya udongo wake mimi mwenyewe, nikauweka kona ya nane. Saa nne ulikuwa umeganda. Nimeita jina. "Nipo." Mvua.

Jumatano, 25 Februari

Wote wapo.

Ijumaa, 27 Februari

Baba Yusta kapiga simu kutoka Mgololo, anapopakia magogo ya kiwanda cha karatasi. Hakuweza kuja, barabara imekatika. Nikamwuliza mlingoti mbichi unabeba kiasi gani ukilowa. Kacheka: "Unajenga daraja?" Kisha kasema, "Mbichi hauvunjiki, mama Yusta. Unateleza."

Nikamwambia Alinanuswe leo namwandikia Mika sifuri. Kasema, "Madam, ukimwandikia sifuri leo, watauliza za nyuma." Ni kweli. Vema moja ilizaa ya pili, sasa zimekuwa ukoo mzima, na ukoo unalindana.

Jumanne, 3 Machi

Mvua tangu alfajiri, bila kupumua. Ukuta wa choo cha wavulana umelala chini, tofali za saruji kabisa. Nilipomwita Mika, aliyeitikia aliitikia taratibu, kama anayeuliza.

Nimeweka vema. Alama yenyewe ilichafuka, mkono ulikuwa na maji.

Jumatano, 4 Machi

Simu ya Mika haipatikani. Ya ndugu yake haipatikani. Alinanuswe anasema ni mnara, mvua imeangusha mnara. Wote wapo.

Alhamisi, 5 Machi

Nianze na asubuhi.

Niliita majina, kumi na tano, nikaweka vema, nikapeleka daftari ofisini. Saa nne nilikuwa naelekea stoo kuchukua kamba, mkuu akanipungia kutoka kwenye baraza la ofisi. Uso umechangamka.

"Matilda! Daftari lako limetuokoa."

"Kivipi, mkuu?"

"Nimepigiwa simu kutoka Chunya, ofisa mmoja wa usalama wa migodi. Juzi Jumanne kuna duara limeanguka. Watatu wametolewa hai, na mwenye duara anasema hao ndio wote. Sasa mmoja wa hao watatu anang'ang'ania kwamba kulikuwa na wa nne, kijana wa chuo cha ujenzi cha huku Igawa, mwenye mashoto, Mika. Nikamwambia ofisa subiri. Nikafungua daftari. Jumanne, yupo. Jumatano, yupo. Leo yupo, na saini! Nikamwambia ndugu yangu, huyo majeruhi kachanganyikiwa. Akashukuru sana. Kasema basi wanawaondoa waokoaji, udongo bado unateleza, hawawezi kuhatarisha watu kwa mtu ambaye hayumo."

Akanipiga bega. "Ungekuwa mvivu wa kuita majina, leo watu wangekuwa wanachimba hewa."

Sikumbuki nilivyofika nyuma ya tangi. Nilipogeuka Alinanuswe alikuwa amesimama hapo, kijana mrefu vile, analia kwa mdomo wazi kama Yusta. Alikuwa ametumiwa ujumbe na yule majeruhi.

"Madam, tusiseme kwanza. Labda alitoka. Labda yuko njiani."

"Saini ya Mika ya jana aliweka nani?"

"Mimi."

"Ya Jumanne?"

"Anjela. Madam, tutafukuzwa wote."

Nami nikasimama pale na mvua yangu kichwani. Nataka Yusta, ukisoma hapa, usome polepole. Mama yako alisimama. Niliuona mlango wa bluu. Nilisema moyoni, labda kweli alitoka. Nilihesabu mpaka nikasahau ninahesabu nini. Halafu nikafikiria lile neno la mkuu, mtu ambaye hayumo, nikajua ni mimi niliyelitengeneza, vema kwa vema, siku ishirini na tisa. Udongo wa Chunya umemfunika mara moja tu. Zile nyingine zote ni zangu.

Nikaingia ofisini bila kubisha hodi. Nikalifungua daftari lililokuwa mezani.

"Mkuu, Mika hayupo. Hajakuwepo tangu tarehe ishirini na sita Januari."

Akatabasamu kwanza, akadhani natania. "Si umemwandika mwenyewe?"

"Nimemwandika mwenyewe."

"Na saini?"

"Wenzake."

"Na siku ya mkaguzi?"

"Fred wa bodaboda."

Akaketi. Alivua miwani, akaifuta na tai, akaivaa, akaivua tena. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Matilda, unajua ukilisema hilo kozi inafungwa leo. Wale kumi na nne hawafanyi mtihani. Wewe hiyo nyumba utaisikia. Na mimi niliyempa mkaguzi mkono, nimebakiza miaka miwili nistaafu."

"Najua, mkuu."

"Na siku mbili zimepita. Chini ya udongo ule." Hakumaliza.

"Aliniambia kuna shimo la pembeni. Lina mwamba."

Maji yalikuwa yanadondoka kwenye ndoo pale pembeni ya kabati. Kisha akasimama, akachukua mwavuli, akauacha tena, akatoka nje kwenye mvua hivyohivyo. Simu yake aliiacha juu ya meza. Karatasi yenye namba ya ofisa ilikuwa imekandamizwa na kikombe, upande wa maandishi juu.

Sijui kama aliisahau. Sitamuuliza.

Nikapiga. "Mimi ndiye mwalimu wa Mika. Daftari lile ni la uongo, nimeliandika mimi. Jumanne hakuwepo darasani, alikuwa kwenu."

Upande wa pili nikasikia mvua ya kwao juu ya mvua ya kwetu. "Una uhakika, madam? Watu wameshafunga pampu. Nikiwarudisha mle nisipate mtu?"

"Nina uhakika. Tangu Januari ukuta wake unajengwa na mikono mingine. Naijua mikono yote." Nikamweleza la shimo la pembeni, akaniuliza upande gani, nikasema sijui, muulize yule aliyetoka. Akaanza kupaza sauti kwa watu wake kabla hajakata simu. Nilisikia akisema, "Washeni, washeni!"

Wakati wa kutoka mkuu alikuwa kwenye ngazi, kalowa mpaka soksi. Kaniambia tu, "Baba yake nitamwita mimi." Sikumjua mtu huyu kabla ya leo.

Ijumaa, 6 Machi

Kumekucha na mvua nyepesi. Ofisa kapiga simu saa moja. Jana jioni, walipozima pampu kidogo ili wasikilize, walisikia kitu kinagonga chini.

"Kinagongaje?" nikauliza.

"Mara mbili. Kimya. Mara mbili tena."

Mkuu akanipokonya simu asikie mwenyewe.

Lakini ofisa alikuwa na la pili. Tangu saa kumi na mbili asubuhi hawajasikia tena. Huenda ni kelele za pampu, maji yameongezeka. Wamebakiza kama mita nne, na upande mmoja bado unameguka.

Baba yake Mika, Mzee Eliezeri, alifika saa mbili, alilala njiani Makambako. Mwembamba, koti la mvua la zamani, mfuko wa maharage begani. Alikuja na zawadi. Alitoka kwao kabla hajajua lolote zaidi ya kuitwa.

"Kamwene, mwanangu," akanisalimia kikwetu.

"Kamwene, baba." Nikapiga magoti kwenye matope nikamweleza yote kwa Kihehe, la vema, la saini, la Fred, la nyumba. La nyumba nalo. Hakunikatisha. Mwishoni akauliza kitu kimoja: "Kwa hiyo jana wangeacha?"

"Wangeacha, baba."

Akatikisa kichwa muda mrefu, kama anayepima mti. Akasema, "Na leo wanachimba." Sikujua kama ni msamaha. Bado sijui.

Alikuwa aondoke na gari la mkuu kwenda Chunya, lakini mto umepanda darajani, wamezuia magari. Tunasubiri. Nikasema basi niite majina, maana kama sina kazi kesho, leo bado ninayo. Mama Anania kaenda kliniki, kwa hiyo Yusta ninaye, amekaa juu ya toroli.

Nimeita kwa kalamu nyekundu. Anjela, "Nipo." Alinanuswe, "Nipo," sauti haikutoka vizuri. Leo hata wale wa saa tatu walikuja saa mbili. Nikafika kwake.

"Mika."

Kimya. Kwa mara ya kwanza tangu Januari nimekisikia kimya chake mwenyewe. Wamesimama na miiko mikononi, hakuna aliyeinua kichwa.

"Nipo!" Yusta kainua mkono.

Hakuna aliyecheka. Alinanuswe alijifunika uso na kofia. Nikataka kumnyamazisha mwanangu, Mzee Eliezeri akaniwahi kutoka mlangoni.

"Muache. Mtu akiitwa lazima aitikiwe."

Nimeandika sifuri. Kisha nikarudi nyuma, nikazigeuza zote ishirini na tisa, moja moja, mbele yao.

Baadaye mzee kaniomba nimwonyeshe alichojenga mwanawe, cha mkono wake mwenyewe. Nimemfunulia turubai. Ndipo tulipo sasa. Mimi kwenye benchi na hili daftari, yeye kachuchumaa mbele ya ile kona, Yusta kamkalia kwenye goti. Anapitisha kidole kwenye udongo, anafuata majani yalivyolala. "Hata kijiko alikuwa anashika hivi," anasema, "mama yake alimfunga mkono na kitambaa, akakifungua na meno." Ameligonga tofali la juu kwa kifundo cha kidole, mara mbili, akaegemeza sikio. Yusta naye kaegemeza sikio. Nilikuwa naanza kumwambia kwamba kona hii sitaibomoa, kozi ifungwe au isifungwe, lakini Alinanuswe anakuja mbio kutoka ofisini na simu ya mkuu juu ya kichwa, anaita, "Madam! Madam, njoo, Chunya hao!", nami sijui ana uso gani maana mvua imemfunika. Naacha kalamu, nakimbia.